Mgeni Ndiye Anayewasha

Katika mji wote wa Songea nimekubali kwamba mtu mmoja tu ananizidi kwa kompyuta, na kumkubali kulinichukua muda. Tulimwita Mwalimu wa Stoo. Alikuwa amefundisha fizikia miaka mingi, na alipostaafu chuo kimoja kidogo cha ufundi kilimpa chumba kilichokuwa stoo ya magunia ya mahindi, kati ya jiko na bomba la maji, akarundika humo kompyuta zote zilizokuwa zimekatiwa tamaa. Zilizoingia humo zikiwa mfu zilitoka zikiwa hai.

Niseme mapema mimi ni nani, maana watu wa hapa wananijua ila msomaji wa mbali hanijui. Niliondoka Mpitimbi na begi la mgongoni. Dar es Salaam nilitengeneza simu kwenye kibanda huku nikisoma, na nikarudi na diploma ya teknolojia ya habari ambayo sikutafutiwa na mjomba wala kubebwa na mwanasiasa. Imetundikwa ofisini kwangu nyuma ya kiti changu, mahali ambapo mteja akikaa lazima aione. Siombi radhi kwa hilo. Kijana aliyetoka pasipo na kitu ana haki ya kutundika alichokipata.

Mwalimu wa Stoo hakuwa na cheti chochote cha kompyuta. Alivaa sweta ya kijani mwezi wa Juni, baridi inapouma, na aliivaa hiyo hiyo mwezi wa Oktoba, sisi wengine tukiwa tumebakiza fulana. Kwenye mfuko wa shati, pale wenzake wanapoweka kalamu, yeye aliweka bisibisi na flashi ndogo iliyofungwa kwenye kipande cha nailoni. Kabla ya kufungua kompyuta yoyote alikwenda bombani kunawa mikono kwa sabuni, taratibu, hadi kwenye viwiko, kama mtu anayekwenda kula. Akimaliza ndipo anakaa, anatafuna karanga mbili tatu, na ananawa tena kwa sababu ya karanga.

Neno fundi hakulitumia ovyo. Aliyeshona viatu nje ya geti alimwita "bwana viatu", aliyetengeneza redio "bwana redio". Mimi aliniita Bwana Diploma tangu siku ya kwanza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Bwana Diploma. Umekuja nayo au umeiacha nyumbani ipumzike?"

Nilimjibu kwamba diploma haichoki. Alicheka hadi akakohoa, lakini jina halikubadilika.

Alikuwa na desturi moja iliyonikera kuliko zote. Akimaliza kutengeneza kompyuta, hakuiwasha mwenyewe. Alitoka mlangoni akamwita yeyote anayepita, na mara nyingi aliyepita alikuwa mama mpishi.

"Mama, njoo uniwashie."

"Mwalimu, mikono ina unga."

"Hivyo hivyo. Bonyeza hapo, kisha urudi kwenye ugali wako."

Mama mpishi alibonyeza. Ikiwaka, Mwalimu aliizima, akamwomba abonyeze tena, na tena. Mara ya kwanza, alisema, ni bahati. Ya pili ni mazoea. Ya tatu ndiyo kazi. Nilimuuliza kwa nini anawasumbua watu wakati kidole anacho. Akanijibu kwamba mwenye nyumba anaujua mlango wake unaofunguka kwa kuusukuma na goti, naye anausukuma bila hata kukumbuka. "Mgeni halijui goti," alisema. "Mlango ukimfungukia mgeni, huo umetengenezwa."

Nilidhani ni maneno ya uzee.

Mtu huyu aliyehubiri tahadhari alipanda baiskeli isiyo na breki. Akishuka mlima wa kuelekea sokoni alikanyaga tairi la mbele kwa soli ya kandambili, na kila mwaka alinunua kandambili mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nywila za kompyuta zote za stoo aliziandika kwa chaki ukutani, herufi kubwa, mlango wazi. Hakukosa misa ya kwanza ya Jumapili, ila siku ya kwanza ya Ramadhani alifunga pamoja na wanafunzi waliotoka Tunduru, ili ajue, alivyosema, anawafundisha watu wenye njaa ya kiasi gani. Ikifika saa tisa alikuwa mkali kwa kila mtu, na wanafunzi wale wale ndio waliombembeleza avumilie.

Na kulikuwa na suala la sehemu ya kuwashia. Hapa naomba msomaji anifuate kidogo, kwa kuwa ndipo yeye na mimi tulipogongana.

Kompyuta za chuo zilikuwa kuukuu, za msaada, hivyo tuliziwekea Linux, mfumo mwepesi usiozilemea. Kabla ya kuweka mfumo, diski inagawanywa kama shamba. Mwalimu alianza siku zote kwa kukata kipande kidogo mwanzoni kabisa mwa diski. Humo aliweka mafaili ya kuiamsha kompyuta peke yake, pamoja na kiini cha mfumo, alichokiita moyo. Eneo lote lililobaki ndilo la mfumo wenyewe na kazi za wanafunzi. Ukimuuliza sababu, alijibu kwa sentensi moja: "Ufunguo wa ghala haulali ndani ya ghala."

Mimi nilikuwa nimefundishwa kwamba hayo yamepitwa na wakati. Kwenye kompyuta tulizosomea Dar es Salaam tuliweka vitu vyote mahali pamoja, na ziliwaka vizuri. Kwa hiyo chuo kilipopata diski kubwa za mitumba, na mkuu wa chuo, mama mmoja mpole asiyependa makelele, akaniita mimi kama mtaalamu nizifunge kwenye kompyuta ishirini na mbili za maabara, nilizifunga kwa siku mbili na kila diski niliiacha nzima. Mwalimu wa Stoo akaja, mikono nyuma, akakagua kama mwalimu wa zamu.

"Bwana Diploma, sehemu ya kuwashia iko wapi?"

"Hayo ya zamani, Mwalimu. Nimeweka vyote pamoja."

"Kompyuta zenyewe ni za zamani."

"Diski ni kubwa, za kisasa."

"Diski ni za kisasa, anayezisoma ni mzee." Akagonga kifuniko cha kompyuta kwa ukucha. "Huyu akiamka asubuhi anaona hatua chache tu kutoka mlangoni. Leo moyo umekaa mlangoni, anauona. Siku mfumo ukileta moyo mpya ukauweka kule mwisho wa shamba, atautafuta hadi Kiyama."

"Zinawaka. Tazama." Nikawasha nne mfululizo, zikawaka zote.

"Nani ameziwasha?"

"Mimi."

"Basi hazijawaka," akasema, akarudi zake stoo.

Wanafunzi walicheka. Niliumia, nakiri. Nilijiambia kwamba huyu mzee anaona wivu.

Miezi miwili baadaye ukafika mtihani wa vitendo. Msimamizi alikuwa anatoka nje ya mkoa na alikuwa ameshatoa msimamo wake: saa tatu kamili karatasi zinafunguliwa, na mtahiniwa asiye na kompyuta inayofanya kazi anaandikwa hakufanya, anarudi mwakani. Miongoni mwa watahiniwa alikuwamo Zuhura, msichana wa Namasakata, mwanafunzi hodari kuliko wote na mwenye ulimi kuliko wote. Baba yake alikuwa amempa mwaka mmoja tu. Matokeo yakipatikana anaendelea, yasipopatikana kuna mchumba anayesubiri Tunduru, mtu mzima mwenye shamba kubwa la mikorosho. Chuo kizima kilijua, kwa sababu mwenyewe alilisema kama mzaha. "Msinione nakazana hivi," alisema, "mwenzenu nakimbia posa."

Siku moja kabla ya mtihani, nikitaka msimamizi akute kazi safi, nilizipa kompyuta zote masasisho mapya. Kwa usafi zaidi nikafuta viini vya zamani. Kisha nikazizima, nikafunga maabara, nikaenda nyumbani nikiwa nimeridhika.

Asubuhi saa moja na nusu nikawasha ya kwanza. Kioo cheusi na mstari mmoja mweupe: imejaribu kusoma nje ya diski. Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Ishirini na mbili nilizipitia zote, na zilizoamka zilikuwa tatu. Moyo mpya ulikuwa umekwenda kukaa mwisho wa shamba, vile vile alivyosema, na wa zamani nilikuwa nimeufuta kwa mkono wangu. Zile tatu zilipona kwa bahati tu.

Watahiniwa walikuwa wamejipanga nje wamevaa sare zilizopigwa pasi. Zuhura alichungulia dirishani.

"Kaka, mbona vioo vyeusi?"

"Zinapasha moto."

"Kaka," akasema kwa sauti ya chini ili wenzake wasisikie, "mimi si wa kudanganywa leo. Hizi zikigoma, mwenzio naolewa."

Kutoka maabara hadi stoo ni kuvuka uwanja wa mpira wa pete. Ningeweza kumtuma mtu. Ningeweza kumwambia mkuu wa chuo kwamba umeme umeharibu, na angeniamini. Nilitembea mwenyewe, watahiniwa wote wakinitazama mgongo, nikamkuta Mwalimu anapuliza chai.

"Mwalimu, hazioni moyo."

Hakuuliza ipi wala ngapi. Aliweka kikombe chini, akaelekea bombani, akaanza kunawa. Sabuni, vidole, viwiko.

"Mwalimu, muda hakuna."

"Muda upo. Mikono ndiyo michafu."

Ndani ya maabara alinifanyia jambo ambalo hadi leo ndilo ninalolifundisha kwanza kwa vijana wangu wa ofisini. Alitoa ile flashi ya kwenye nailoni, akaichomeka kwenye mojawapo ya zile tatu zilizoamka, akanakili humo kiini kipya na mafaili yote ya kuamshia. Flashi ikawa ndiyo sehemu ya kuwashia, ila imekaa nje ya diski. Kompyuta kongwe haiwezi kuona mwisho wa diski kubwa, lakini flashi ndogo inaiona yote. Ikishauchukua moyo kutoka kwenye flashi, moyo wenyewe una macho mazuri, unaiona diski hadi mwisho, na mfumo unaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Na kompyuta ikishaamka, unachomoa flashi unahamia nyingine. Bibi zetu waliwasha mafiga hivyo: unakwenda kwa jirani na kigae, unaomba kaa moja, jioni kijiji kizima kinapika kwa moto wa nyumba moja.

Kuandaa flashi kulichukua zaidi ya nusu saa. Zilibaki kompyuta kumi na tisa, na kila moja ilitaka dakika zake. Nilinyoosha kidole niwashe ya kwanza, Mwalimu akanishika mkono.

"Waite wenyewe. Leo wageni tunao."

Wakaingia, kila mtahiniwa akakaa mbele ya kompyuta yake. Mwalimu alichomeka, mtahiniwa akabonyeza, kompyuta ikaamka, Mwalimu akachomoa, akasogea. Hakukimbia. Mimi nilikuwa namfuata nyuma kama mtumishi wa altareni anavyomfuata padre, nikihakikisha kila kioo. Msimamizi alisimama mlangoni na bahasha, anatazama saa yake. Kompyuta ya Zuhura ilikuwa ya mwisho, kwenye kona, na tulipoifikia zilikuwa zimebaki dakika mbili.

"Bonyeza, mwanangu."

"Bismillah," akasema, akabonyeza.

Ilikaa kimya muda mrefu kuliko zote. Kisha taa ya flashi ikaanza kuchezacheza, na kioo kikajaa rangi. Zuhura alivuta kibodi karibu kama mtu anayevuta sahani.

Mkuu wa chuo, ambaye alikuwa ameambiwa habari akiwa ofisini, aliingia akihema.

"Nani ameziwasha?"

"Wanafunzi wenyewe, mama," akasema Mwalimu.

Mama yule akanigeukia mimi. "Hongera sana, kijana. Kumbe diploma si karatasi."

Nikasema, "Asante, mama."

Ndilo nililosema. Mwalimu wa Stoo aliifunga flashi kwenye nailoni, akairudisha mfukoni, akaenda kumalizia chai yake iliyopoa. Sifa ile ilisambaa. Kazi ya kwanza ya ofisi kubwa niliipata kwa sababu ya asubuhi ile, na ya pili kwa sababu ya ile ya kwanza. Kila mteja mpya nilimsimulia jinsi nilivyookoa mtihani kwa flashi moja. Kazi zilizofuata nilizifanya mwenyewe, na nilizifanya vizuri. Ila mlango ulifunguliwa na mtu mwingine.

Yeye hakulizungumza kamwe. Aliniambia tu, "Jumamosi njoo tuzigawe upya," na Jumamosi mbili tulikaa pamoja tukizigawa zote, moja moja. Zuhura alifaulu. Leo anafanya kazi ya kumbukumbu za wagonjwa kwenye hospitali moja huko Tunduru, na mchumba wa mikorosho alioa kwingine.

Isije ikadhaniwa kwamba Mwalimu hakukosea. Vipande vyake vya kuwashia vilikuwa vidogo mno. Alijifunza enzi ambazo diski yenyewe ilikuwa ndogo, na hakukubali kuongeza hata kidogo. Lakini mfumo wa siku hizi unaleta kiini kipya kila baada ya muda, na vya zamani vinabaki. Kipande kinajaa, sasisho linakwama katikati, kompyuta haiamki. Nilimwambia mara nyingi.

"Mlinzi hapewi chumba cha maharusi," alijibu. Na kila mwezi alipita kompyuta moja hadi nyingine akifagia viini vya zamani kwa mkono, akinung'unika. Hapo niliyekuwa sahihi ni mimi, na nitalisema mbele ya yeyote.

Mwaka jana, mvua zilipokatika, mke wake alinipigia simu. Walikuwa wamehamia Mpitimbi, si mbali na kwetu. Mzee alikuwa amepooza mkono wa kulia, na kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa imegoma.

"Anasema aje Bwana Diploma," mama akasema. "Nikamwambia kuna vijana hapa karibu. Anasema hapana."

Nilimkuta ameketi sebuleni na sweta ile ile, mkono wa kulia umelala mapajani. Nilimwamkia, akaitikia, nikaomba maji na sabuni. Alinitazama nikinawa hadi kwenye viwiko. Nikachunguza. Kipande cha kuwashia kilikuwa kimejaa hadi pomoni, sasisho limekatikia njiani.

"Imejaa, Mwalimu."

"Najua imejaa. Ningekuita kwa lipi lingine? Mkono wa kufagia ndio huu." Akauonyesha kwa kidevu.

Nikanakili mafaili yake yote pembeni, nikaifuta diski. Ilipofika hatua ya kugawa, nikasimamisha vidole.

"Nikate kiasi gani?"

"Kata unavyokata wewe."

Nikakata kipande kikubwa mara kumi ya alivyozoea. Aliangalia, akatikisa kichwa, akasema mlinzi amepata chumba cha maharusi. Mfumo ulipokuwa unajiandika, tumekaa tu tunasikiliza feni ya kompyuta, nilisema nililolibeba miaka yote.

"Siku ya mtihani mkuu wa chuo aliponipongeza, nilisema asante."

"Nilisikia."

"Haikuwa yangu."

"Haikuwa yako," akasema, bila ukali. "Ila nilikuona kupitia dirisha la stoo, unavuka uwanja, wanafunzi wote wanakutazama. Nikasema, ona, Bwana Diploma anakuja mwenyewe. Huo mwendo ulikuwa wako. Mwingine angesema umeme."

Sikumwambia kwamba niliufikiria umeme. Nadhani alijua.

Mfumo ulipomaliza, niliupa masasisho yote kwanza, ili moyo mpya uwe umeshaingia, kisha nikaizima. Nikainuka kwenda kumwita mama aje abonyeze.

"Mwache mama na sufuria yake," akasema. "Leo mimi sijaigusa hata kidogo. Mgeni ni mimi."

Akaegemea mbele, akanyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akabonyeza. Ikawaka. Niliizima, akabonyeza tena, ikawaka. Mara ya tatu alipumzika kwanza. Kisha akabonyeza, akakisubiri kioo hadi mwisho, akarudi kuegemea kiti.

"Imewaka," akasema.

Mama akaingia na ugali, akarudi na birika la maji na beseni la kunawisha. Kwa desturi akamwendea mumewe kwanza, mkubwa wa nyumba. Mzee akaurudisha nyuma mkono wake mzima.

"Anza na fundi," akamwambia.